Naomba ushauri: vyambo bandia vya besi, ufito, na gari la kuvutia boti

Mshipi_Mpya
Wakuu, habari za humu. Nimevua kwa mshipi wa mkono tangu utotoni, ila mwaka huu nimeamua kumfuata samaki aitwaye besi mdomo mkubwa kwa vyambo bandia, nikitumia ufito wa kuvulia. Boti nimeshapata, ya mkono wa pili, ya faiba, ina injini ya farasi 40 na tela lake. Kijitabu chake kinasema ina uzito wa kilo 480.

Nina mambo mawili yananisumbua. Dukani nilisimama mbele ya ukuta mzima wa vyambo bandia nikatoka mikono mitupu, sikujua hata pa kuanzia. La pili ni gari. Langu ni dogo, kitabu chake kinaruhusu tela la kilo 1,000 lenye breki, au 500 lisilo na breki. Kwa hesabu yangu kilo 480 zinaingia, lakini shemeji yangu ananisisitiza nitafute pikapu. Fedha haitoshi vyote: nikichukua pikapu, vifaa vya kuvulia vitakuwa vichache sana. Maji ninayovua ni ya kina kifupi, yana magugu mengi na rangi ya chai. Nianze na kipi? Msinifiche kitu.

Chubwi_Zito
Karibu sana mkuu. Mambo ya gari nawaachia mafundi, mimi nizungumzie chambo.

Kwa maji ya namna hiyo ningekupa mnyoo laini wa plastiki, wa sentimita 15 hivi, mweusi wenye buluu. Maji yakiwa machafu, besi anaona kivuli kabla hajaona rangi, ndiyo maana rangi nzito inafanya kazi. Tanguliza kwenye mshipi chubwi yenye umbo la risasi, gramu 7 mpaka 10, iteleze yenyewe, kisha funga ndoana moja pana. Sasa sikiliza hapa, maana wengi wanakosea. Choma ncha ya ndoana katikati ya kichwa cha mnyoo, iingie kama sentimita moja, itokezee ubavuni. Vuta mpaka jicho la ndoana lizame kichwani, igeuze, halafu ichomeke ncha tena kwenye mwili ibaki imejificha ndani ya plastiki. Ning'iniza uangalie. Mnyoo unatakiwa unyooke kama rula. Ukiwa umejikunja hata kidogo, utazunguka majini na kukusokota mshipi, na besi hataugusa. Ukinyooka, unapita katikati ya magugu bila kunasa.

Ukirusha, uache uzame. Usivute. Angalia mshipi pale unapoingia majini: ukisogea pembeni, au ukilegea kabla mnyoo haujafika chini, ameshachukua. Kaza, halafu piga ufito juu kwa nguvu, kwa sababu ndoana inabidi itoboe plastiki kwanza ndipo ifike kwenye taya.

Ongeza vingine viwili. Kimoja ni chambo cha visahani, ule waya uliokunjwa wenye visahani vinavyozunguka. Samaki anasikia mtikisiko wake kwa ule mstari wa ubavuni hata asipokiona. Kingine ni chura wa mpira, ndoana zake zimelala mgongoni, wa kutembeza juu ya magugu alfajiri. Maji yakilipuka usivute hapo hapo, subiri mpaka mkono usikie uzito. Vile visamaki vigumu vyenye ndoana za meno matatu viache kwanza, kwenye magugu utavua majani siku nzima.

Ufito wa mita 2 na ushee, mgumu kiasi, wenye ncha nyepesi. Mshipi wa kusuka, unaohimili kilo 15 mpaka 20, kwa sababu hauvutiki, na samaki akizama kwenye magugu unaweza kumtoa.

Mama_Nanga
Kaka Chubwi amemaliza upande wa chambo. Mimi naongeza kuhusu rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi kwenye ufito, maana hajaigusa. Mdogo wangu, usinunue ile ya kulala inayokaa juu ya ufito ambayo gurudumu lake linazunguka unaporusha. Ni nzuri, lakini inataka kidole gumba chenye mazoea. Chambo kikipunguza mwendo hewani na gurudumu likaendelea, mshipi unafumuka na kuwa kiota. Mimi nilipoteza asubuhi nzima nikifumua mafundo huku samaki wanaruka mbele yangu. Anza na rili ya kuning'inia chini ya ufito, ambayo gurudumu lake halizunguki unaporusha. Baadaye utahamia nyingine kwa raha zako.

Na uchache wa vifaa usikutishe. George Perry alivua besi wa kilo 10.09 kule Georgia, Marekani, mwaka 1932, na inavyosimuliwa yeye na mwenzake walikuwa na ufito mmoja wa kupokezana. Mpaka leo anashika rekodi ya dunia, akiwa sawa na Manabu Kurita aliyevua wa kilo 10.12 Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009, kwa sababu kanuni haziihesabu tofauti ndogo kiasi hicho.

Fundi_Tela
Mkuu, kabla hujanunua hata ndoana moja, hiyo 480 isahau. Huo ni uzito wa boti tupu. Injini ya farasi 40 ina karibu kilo 100. Lita 50 za petroli ni kilo 37 hivi. Betri mbili, nanga, makoti ya kuokolea, masanduku ya vyambo, na tela lenyewe, ambalo si ajabu likafika kilo 250. Peleka kila kitu kwenye mizani ya magari kikiwa kimepakiwa kama siku ya safari, kisha utuletee namba.

Pima pia pua ya tela, pale linapokalia tufe la gari, ile bonge ya chuma ya kuvutia tela nyuma ya gari. Iweke juu ya gogo lililosimama kwenye mizani ya chumbani, kwa kimo kile kile cha tufe. Karibu asilimia 10 ya uzito wote ndicho kipimo cha kulenga, ila angalia na kiwango cha pua kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Pua ikiwa nyepesi, tela linaanza kuyumba kama mkia ukifika kasi. Likiyumba usikanyage breki: ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na ushike usukani umenyooka.

Swali langu moja tu: tela lako lina breki?

Mshipi_Mpya
Fundi, nimerudi kutoka mizani. Kilo 1,110. Nimejumlisha kila kitu nilichopakia mara tatu napata 1,025. Kilo 85 sijui zimetoka wapi. Pua ni kilo 60 tu. Na tela halina breki.

Fundi_Tela
Basi gari lako limeshatoka kwenye hesabu. Bila breki unaruhusiwa 500, wewe una zaidi ya mara mbili. Tena hata pikapu nyingi zinazoandikwa kilo 3,500 ni kwa tela lenye breki. Lisilo na breki mara nyingi kikomo ni 750. Kwa hiyo breki za tela zinatangulia, pikapu inafuata. Pua ya 60 ni ndogo, sogeza betri na tangi mbele mpaka ikaribie 110.

Hizo kilo 85 nina wasiwasi ni maji. Chini ya sakafu ya boti nyingi kuna povu la kuelea, na likizeeka linafyonza maji kama sifongo. Inua pua ya tela, toa kizibo cha nyuma, uache usiku kucha.

Na siku ukifika ziwani, usikimbilie kurudisha tela majini. Gusa vikombe vya magurudumu kwanza, pale katikati beringi zinapokaa. Vikiwa vya moto, subiri vipoe: chuma cha moto kikizama ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kwenye beringi, na beringi yenye maji hufia barabarani. Chomoa na waya wa taa. Kwenye mteremko wa kushushia boti kuna utelezi wa ukijani, hapo ndipo utaelewa kwa nini shemeji anataka gari linalovuta magurudumu yote manne.

Mama_Nanga
Na kizibo ukirudishe kabla boti haijagusa maji! Bandika alama nyekundu kwenye usukani ili usisahau.

Mshipi_Mpya
Nilitoa kizibo jana saa moja jioni. Mpaka asubuhi ndoo mbili za lita 20 zimejaa maji ya kahawia yenye harufu ya tope, na bado yanadondoka. Fundi wa faiba anakuja Jumamosi kufungua sakafu.

Tela linafungwa breki wiki ijayo. Shemeji tumekubaliana, pikapu naitafuta. Kwa sasa nimenunua ufito mmoja, rili ya kuning'inia, pakiti ya minyoo myeusi na chura mmoja. Jana usiku nilichomeka minyoo mezani, wa sita ndio ulionyooka. Boti ikiwa bado kwa fundi, nitaanza kwa kurusha nikiwa ukingoni. Kaka Chubwi, nikiwa nchi kavu, nirushe kufuata ukingo au nielekeze katikati?

Chubwi_Zito
Fuata ukingo. Asubuhi besi anakaa pale magugu yanapoishia, mara nyingi hatua chache tu kutoka miguuni pako. Tembea polepole, usikanyage kwa kishindo.