Majirani wa Mikindani: kisima cha Mama Saidi

Mama Saidi: Assalaam aleikum majirani. Kisima kimetoa maji jana alasiri. Meupe pe, chumvi hata chembe hakuna. Kuanzia kesho njooni mteke.

Bi Mwanahawa: Waaleikum salaam. Mashaallah, hongera mwanangu! Tumechoka kununua madumu.

Baba Asha: Hongera shemeji. Yamepimwa?

Mama Saidi: Ya nini tena? Ya kunywa si tutachemsha.

Somoe: Shikamoo shangazi. Naomba niseme, maana maabara ndiyo niliyosomea. Kuchemsha kunaua vijidudu. Ila kuna sumu ya ardhini inaitwa aseniki, haina rangi, harufu wala ladha. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani. Klorini nayo haiitoi.

Baba Asha: Hiyo naijua tangu niko Geita. Lakini kule kuna dhahabu, huku je?

Somoe: Si lazima dhahabu, kaka. Bangladesh walichimbiwa visima vya pampu tangu miaka ya 1970 ili waache maji ya madimbwi, watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara. Nia njema kabisa. Miaka ya 1990 ndipo ikajulikana mamilioni wanakunywa aseniki. Ilitoka kwenye mchanga wa chini wenyewe.

Bi Mwanahawa: Yarabi! Mtu anaanguka hapohapo?

Somoe: Hapana bibi, huchukua miaka. Ngozi inatoa madoa, viganja na nyayo zinakuwa ngumu, zinaota vinundu. Baadaye saratani ya ngozi, kibofu, mapafu. Hata mtoto aliye tumboni hasalimiki. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Jicho halioni hiyo.

Mama Saidi: Mkwe wangu ana mimba ya miezi sita. Nikifukie?

Somoe: Usifukie shangazi! Sijasema kina sumu, nasema kipimwe. Kufua, kuoga, tumieni tu, kwenye ngozi haipenyi kirahisi. Ya kunywa, ya uji na wali, tusubiri majibu.

Baba Asha: Maabara ya maji ya wizara ipo Mtwara mjini. Niende na chupa?

Somoe: Waulize kwanza chupa ya kuchotea. Na uwatajie aseniki kwa jina, kipimo cha vijidudu peke yake hakiionyeshi.

Bi Mwanahawa: Hela ya kipimo tuchange, maji tutakunywa wote. Mimi natoa elfu tano.

Baba Asha: Kumi yangu.

Mama Saidi: Mungu awalipe. Kamba na ndoo nimeshaingiza ndani, watoto wasiteke. Baba Asha, Jumatatu asubuhi twende wote.