Kuirudia Belle de Jour: maandishi yanachelewa, na ndoto zinatuchanganya

Mdau wa Rau, Moshi
Habari za jioni wakuu. Kikundi chetu hapa Moshi, wote watu wazima, kinataka kuirudia Belle de Jour ya Luis Buñuel (1967). Mara ya kwanza maandishi ya tafsiri yalichelewa, na watu wakatoka wakibishana lipi Séverine, yule mke wa daktari anayejiuza mchana kwa siri, kaliota na lipi kalitenda. Tutegeshe vipi?

Fundi Kaloleni, Arusha
Angalia kwanza urefu wa faili. Filamu ina dakika 100 hivi. Ukikuta 96, nakala hiyo inakwenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kama televisheni za Ulaya. Maandishi ya nakala ya dakika 100 yatachelewa kama sekunde 2.5 kila dakika, hivyo dakika ya kumi yako nyuma sekunde 25. Kubonyeza G au H kwenye programu ya kuchezea video ya VLC kunayasogeza yote kwa pamoja. Yatakaa sawa kidogo, kisha yatapotea tena. Yafungue kwenye Subtitle Edit, programu ya kurekebisha maandishi, badilisha kasi kutoka 24 kwenda 25, hifadhi.

Umbo la picha ni 1.66 kwa 1. Kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 200, projekta ya 16:9 lazima iache weusi wa sentimita 6 hadi 7 kila upande. Usipouona, picha imetanuliwa au imekatwa juu na chini.

Mpenda Sinema, Moshi
Mkuu kamaliza picha, mimi naona sauti ndiyo roho ya filamu hii. Haina muziki wa kusindikiza. Mna kengele za farasi, paka, na mvumo wa kile kiboksi cha mteja ambacho hatuonyeshwi kilichomo. Sabufa yenye besi kubwa inavimeza vyote. Punguza besi, na spika zikae karibu na kitambaa.

Wengi hushika kanuni kwamba kengele zikisikika ni ndoto. Mwanzoni inafaa. Ila akija yule mteja kabaila, Duke, na gari lake la farasi, na mtumishi wake akauliza habari za paka, kanuni inayumba. Buñuel habadilishi rangi wala hafifishi picha ndoto ikianza. Mwanga wa mpiga picha wake, Sacha Vierny, ni uleule. Ubishi wenu ameupanga yeye.

Msipitwe na kumbukumbu ya utotoni Séverine akipanda ngazi za kwa Madame Anaïs, mwenye danguro: yeye akiwa binti mdogo anakataa komunyo. Ni fupi mno, anayesoma simu haioni.

Mdau wa Rau, Moshi
Shukrani sana. Tusimamishe katikati tujadili?

Mpenda Sinema, Moshi
Hapana, mtaua mwendo wake. Ikiisha, rudieni papo hapo tukio la kwanza: gari lilelile, kengele zilezile, ila mwishoni linapita tupu. Mjadala uanzie hapo.

Fundi Kaloleni, Arusha
Na kama mtakaribisha umma, ulizeni kwanza Bodi ya Filamu kuhusu kibali.