Wasifu wa bibi, nianzie wapi?

Wakuu naombeni msaada, bibi yetu katutoka juzi, tunazika Jumamosi hapa Tukuyu na mimi ndo nimepewa kusoma wasifu. Kauza ndizi sokoni miaka kibao, kasomesha watoto sita, Mmoravian damu damu, mvua ya kwetu inyeshe vipi ibadani yupo.

— Pole sana mkuu. Achana na tarehe tarehe, anza na ndizi.

— Mithali 31, ile ya mke mwema, usiguse, mchungaji ataisoma tu 😅 Vituko hakuwa navyo?

— Asanteni. Sadaka alikuwa anaifunga kwenye pindo la khanga kabla hata hajahesabu mauzo, ukiomba hela ya daftari anakwambia hiyo sio yangu, fungua fundo la pili.

— Anzia hapo hapo.