Mstaafu apunguze mwendo, au atafute kazi nyingine?

Mwalimu, Kibokoni
Mwaka jana nilitimiza miaka 60, nikaiaga chaki. Tangu hapo kila ninayekutana naye njiani ana swali lile lile: "Sasa unafanya nini, mwalimu?" Nikisema sifanyi kitu, hunitazama kama mgonjwa. Wanangu walikuwa wameshanipangia: ile robo ya pensheni inayolipwa kwa mkupuo ninunue matatu. Nimekataa. Nina jirani aliyenunua, siku hizi anashinda gereji kuliko fundi mwenyewe.

Mimi nikishaswali Alfajiri hutembea hadi ufuo wa Mama Ngina hapa Mombasa, nikaketi chini ya mbuyu kutazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Zile za makontena hupita karibu mno, hata ukamuona baharia ameegemea pale juu, naye akikutazama. Saa hiyo, miaka zaidi ya thelathini, nilikuwa nakimbizana na kengele. Alasiri ni barazani: muuza kahawa aje na dele lake akigonganisha vikombe, tupige bao mpaka Magharibi. Simu naiacha nyumbani.

Nijibuni bila kunionea haya. Huu ni uvivu au ni haki yangu?

Muuza tui, Kongowea
Haki yako mwalimu, ila usituhesabu sote humo. Mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi tangu sijaolewa, na goti la kulia sasa halikunjiki vizuri. Hakuna aliyeniandikia barua kuwa muda wangu umekwisha. Sisi tusio na pensheni tunangoja miaka 70 ndipo tuandikishwe zile shilingi 2,000 za serikali kwa mwezi. Kwa pesa hizo mtu hapunguzi mwendo kwa kupenda.

Kijana, Bombolulu
Mzee, tazama meli mpaka jioni! Mwaka 2009 umri wa kustaafu serikalini ulipandishwa kutoka 55 hadi 60, sisi tuko shule, tunaambiwa tusome, kazi zipo. Halafu mtu anaagwa kwa keki na hotuba mlango wa mbele, mwezi ujao amerudi kwa wa nyuma na kandarasi. Anayestaafu akastaafu kweli mimi namheshimu. Hayo tu.

Mke wa mstaafu, Tudor
Nimesoma nikacheka peke yangu. Mwalimu, hebu tuambie: hayo mahamri unayokula ukirudi kutoka kwenye mbuyu wako, unga ameukanda nani, na saa ngapi?

Mume wangu alistaafu miaka mitatu iliyopita. Alitulia, maashallah, na presha ikashuka, siwezi kusema uongo. Lakini zamani alikuwa akitoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni, mchana nikila muhogo uliolala sina wasiwasi. Sasa saa saba kamili yuko mezani anangoja wali. Juu yake wajukuu wawili, maana wazazi wao wanasema "si babu na bibi wako nyumbani tu". Babu yuko nyumbani, ndiyo. Anayewaogesha ni nani?

Sipingi utulivu wa mtu. Nami nautaka. Nataka siku moja kwa wiki nikakae ufuoni nisiulizwe chumvi iko wapi. Nilimwambia hivyo, akanijibu, "Lakini wewe hukuwa umeajiriwa." Basi mimi nitastaafu kutoka wapi, na barua aniandikie nani?

Muuza tui, Kongowea
Dada wa Tudor, njoo Kongowea nikukumbatie.

Mwalimu, Kibokoni
Nilikuja hapa nikidhani nitabishana na wanaotaka ninunue matatu. Dada, swali lako nimemsomea mwenzangu kwa sauti, nikijua atakucheka. Hakucheka. Ameniita jikoni, kuna mbaazi za kuchambua.