Zana za usalama zinazofungwa pamoja na kubandikwa "License: GPL-2": tabia hii ikome

Wakuu, kuna watu wanachukua zana tano za usalama, wanazifunga kwenye .deb moja (kifurushi cha programu cha Debian), wanaandika "License: GPL-2" juu yake (leseni huria ya GPL, toleo la 2), kisha wanawauzia wateja. Leseni si stika. Kila zana imekuja na masharti yake, na mengine hayapatani kabisa.

Nmap, zana ya kuchunguza mitandao, ndiyo inayoonewa zaidi. Tangu toleo la 7.90 la mwaka 2020 inatolewa chini ya NPSL (Nmap Public Source License), lakini bado mnanakili debian/copyright (faili ya leseni ndani ya kifurushi) ya zamani na kuiacha hivyo hivyo. NPSL inasema wazi: ukiitia Nmap ndani ya kisakinishi cha programu ya msimbo uliofichwa, au ukiunda programu mahususi ya kuiendesha na kuchambua majibu yake, kazi yako inahesabiwa kuwa imetokana nayo. Ile dashibodi mnayouza huku msimbo mmeuficha inahitaji leseni ya OEM, yaani ya kulipia. Kulipa hamtaki, kusoma nako hamtaki!

OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ndiyo balaa kubwa. Hadi 1.1.1 ilikuwa na sharti la kutajwa kwenye matangazo, na GPL hailikubali sharti hilo. Toleo la 3.0 lilipotoka Septemba 2021 ikahamia leseni ya Apache 2.0, watu wakadhani yameisha. Hayajaisha. Apache 2.0 inapatana na GPLv3, haipatani na GPLv2. Programu ya GPLv2 inayoruhusu "any later version" (toleo lolote la baadaye) inapona kwa kuchukua v3. Ya v2 peke yake haiponi, labda wenye hakimiliki wawe wameandika ruhusa ya OpenSSL. Wewe unayefunga kifurushi huna mamlaka ya kuiongeza ruhusa hiyo.

Kukagua ni kazi ndogo (amri ya kwanza inaonyesha maktaba ambazo programu inazihitaji, ya pili leseni za faili za msimbo):

objdump -p ./programu | grep NEEDED
licensecheck -r --copyright .

Tumieni objdump, si ldd, maana ldd inachanganya na maktaba zilizoletwa na maktaba nyingine. Ukiona libssl.so.3 (maktaba ya OpenSSL 3), fungua vichwa vya faili zenyewe. README ikisema GPL haitoshi. Faili moja ya v2 peke yake ikiingia kwenye ukompailishaji, programu nzima inabanwa na v2.

Na msije na hoja ya maktaba za mfumo. Kifungu cha 3 cha GPLv2 kinasamehe maktaba inayokuja na mfumo endeshi, isipokuwa inaposafirishwa pamoja na programu yenyewe. AppImage (programu iliyobebwa na maktaba zake kwenye faili moja) yenye libssl tumboni imejitoa kwenye msamaha huo. Hamia maktaba mbadala: GnuTLS, au mbedTLS inayokupa kuchagua kati ya Apache 2.0 na GPLv2. Ila msikimbilie libgnutls-openssl kama njia ya mkato: hiyo ni GPLv3, mnarudi palepale.

ClamAV, zana ya kukagua virusi, nayo inakuja na msimbo wa UnRAR wa kufungua faili za RAR, ambao masharti yake yanakataza kuutumia kuunda upya ukandamizaji wa RAR. Ndiyo maana Debian huuondoa na kuuweka kwenye libclamunrar upande wa non-free (programu zisizo huru). Kompaili kwa -DENABLE_UNRAR=OFF, kisha mwambie mteja kwamba yaliyomo ndani ya faili za RAR hayatakaguliwa. Kumficha hilo ni hatari ya kiusalama.

Snort, zana ya kugundua mashambulizi ya mtandao, nayo ina kanuni za utambuzi za wanaojisajili kutoka Talos (kikosi cha usalama cha Cisco); hizo hazisambazwi na injini. Mteja ajisajili mwenyewe.

Mwenye kifurushi chochote cha namna hii, weka hapa chini debian/copyright yako na matokeo ya objdump. Na msimbo chanzo uko wapi? GPLv2 inataka uutoe pamoja na programu, au ahadi ya maandishi ya angalau miaka 3.