Funguo imegoma kuzunguka kwenye swichi

Wakuu habarini, gari yangu ya mwaka 1996 tangu jana funguo inaingia vizuri ila haizunguki kabisa, naogopa nikilazimisha itakatikia ndani. Nifanyeje kabla sijaita fundi?

— Pole mkuu, usilazimishe. Tikisa stelingi kushoto kulia huku unazungusha funguo taratibu, mara nyingi loki ya stelingi ndo inakuwa imebana.

— Mimi ilinitesa wiki nzima kumbe funguo imelika meno, nikajaribu ya akiba ikawaka hapohapo. Na usichongeshe nakala kwa ile iliyolika, utanakili ubovu uleule.

— Oili ya injini usimwage humo jamani, inashika vumbi. Saga ule weusi wa penseli, paka kwenye funguo, ingiza toa mara kadhaa.

— Aisee ilikuwa stelingi, imezunguka! Asanteni sana.