Hivi vilivyonitoka mdomoni ni chunusi au ni vya kuambukiza?

Baba Kichanga: Wakuu, habari za jioni. Juzi niliamka mdomo wa juu unawasha na kuchonyota upande mmoja. Leo kuna vipele vitano vya maji, vimebanana kama mayai ya samaki. Wiki iliyopita nililala na malaria siku tatu. Wife anasema ni chunusi, nipake dawa ya meno. Bro anacheka eti buibui kanikojolea. Kinachoninyima usingizi ni kwamba tuna kichanga wa wiki tatu, nami humbusu kila nikirudi kazini. Vinaambukiza?

Nyota ya Mchangani: Pole mkuu. Sio ngoma hiyo kweli? Kapime.

Muuza Dawa: Acha kumtisha mwenzio. Hivyo ni virusi vya herpesi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanavyo. Vinajificha kwenye mishipa ya fahamu; ukipata homa, jua kali au mawazo, vinachomoza. Buibui anasingiziwa tu.

Chunusi hukaa pembeni ya mdomo, penye vinyweleo. Mara nyingi ni moja, ngumu, inauma ukiigusa, na baadaye inatunga usaha mweupe. Haiambukizi. Ya kwako imeanza kwa kuwasha, ikaleta malengelenge. Yatapasuka, yafanye gamba, na kwa kawaida hupona ndani ya siku kumi. Dawa ya meno itakuunguza bure. Ipo krimu ya Aciclovir, lakini husaidia zaidi ukiiwahi pale panapoanza kuwasha.

Baba Kichanga: Kimoja nimeshakiminya...

Muuza Dawa: Nawa mikono kwa sabuni, usijiguse macho. Kikombe na taulo viwe vyako peke yako. Wife naye usimbusu.

Mama Mapacha: Kaka, hapo kwa mtoto usifanye mchezo. Kichanga wa umri huo virusi hivi vinaweza kumuua. Hakuna kubusu mpaka magamba yadondoke na ngozi ikauke kabisa. Kwa vile ulishambusu, mpeleke kliniki kesho wamwangalie, hata kama anaonekana mzima. Akipata homa, akigoma kunyonya, akilegea au akitoka malengelenge, hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Baba Kichanga: Asante dada. Ananyonya vizuri, hana joto, asubuhi tunaenda. Wife kasoma uzi huu, kanitupia mkeka sebuleni.